Desturi ya Upande wa Mama

Kijana aliyekuja kupima masikio ya mwanangu pale maternite, wodi ya wazazi, hakuwa na makuu. Alivuta stuli, akafungua kisanduku kidogo kama redio ya mfukoni, akatoa waya wenye kizibo laini mwishoni, akakitia kwenye sikio la mtoto aliyekuwa amelala fofofo baada ya kunyonya. Nikamwuliza mtoto mchanga namna hii atajibuje kwamba amesikia. Akacheka. Akasema mtoto hajibu, sikio lenyewe ndilo linalojibu. Ukilipigia mlio mdogo, sikio lenye afya hutoa mlio wake, mwembamba mno, kutoka ndani kabisa, na mashine inaunasa. Nilishtuka. Miaka yote nilidhani sikio ni mlango tu, kumbe lina sauti yake.

Kisha akauliza, kama watu wa hospitali wanavyouliza, "Ku famille yenu, kuko muntu haisikiake?"

"Mama yangu," nikasema.

"Tangu lini?"

Jibu la kweli lilikuwa hili: Mama hasikii vizuri tangu kabla sijazaliwa, na mimi nililelewa naye nyumba moja, nikala mkononi mwake, nikabebwa mgongoni mwake, bila kujua. Baba yangu alioa, akajenga, akazaa naye watoto, bila kujua. Hata leo nikilisema jambo hili mbele ya watu wananitazama kama mtu anayewachezea. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi, siku nilipolijua, sikuliamini upesi.

Ninyi mliokulia Likasi mtanielewa haraka kuliko wengine. Kwetu kila nyumba ilikuwa na mambo yake. Jirani wa kushoto hakuvuka kizingiti bila kuchuchumaa na kupiga makofi. Kwa jirani wa kulia, mama wa nyumba hakutamka jina la mkwewe hata kama paa linaungua. Kulikuwa na wasiogusa aina fulani ya samaki, na wengine walikataza kupiga mluzi ndani ya nyumba. Watu walitoka Kasai, wakatoka Luapula, wakatoka Lualaba, migodi ya shaba ikawakusanya mtaa mmoja. Ukisema umshangae kila mtu, hutakwenda kazini. Kwa hiyo sisi watoto tulijifunza mapema kutouliza sana. Ukiuliza, unajibiwa, "Njo desturi ya kwabo," na mazungumzo yanaishia hapo.

Mama alitoka kijiji cha wavuvi ukingoni mwa ziwa Tshangalele, na desturi ya kwao, kama tulivyofundishwa, ilikuwa hii: mtu haitwi kutoka nyuma. Kumwita aliyekupa mgongo ni kumdharau, ni mambo ya kuita mbuzi. Ukiwa na neno kwa Mama unakwenda mbele yake, unamgusa mkono juu kidogo ya kiwiko, unageuza uso wako upande wa mlango ili mwanga ukupige, ndipo unasema, polepole, mdomo wazi. Ukiongea huku unatafuna, au ukiangalia chini kama watoto wa wenzetu walivyofunzwa heshima, alikushika kidevu akakiinua.

"Sema na uso," alisema. "Kwetu muntu anasemaka na uso."

Baba, Mluba wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa Likasi, aliipenda desturi hiyo kuliko za kwao. Alijisifu nayo kazini, kwamba kwake watoto hawapigi kelele za kuitana vyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa konkaseri kule Kakontwe, ile mashine kubwa inayosaga mawe ya chokaa, na kazi hiyo ilikuwa imempa sauti ya ajabu. Majirani walimtania kwamba akisalimia Kakontwe, watu wa mjini wanaitikia. Hakuweza kunong'ona hata kanisani. Mama kinyume chake. Alisema taratibu, chini kwa chini, mpaka wageni wakainama kumsikiliza, na wanawake wa jumuiya ya kanisa wakamsifu kwa adabu. Nani angemshuku? Kwetu kiziwi alijulikana kwa kupiga kelele.

Mambo mengine ya Mama nayo niliyaweka katika fungu hilo hilo la desturi. Akijilaza mchana na mtoto, alifunga kitambaa kutoka kifundo cha mguu wa mtoto hadi kwenye mkono wake mwenyewe. Akipika maharage, aliweka kiganja juu ya mfuniko, akatulia, kama anayempima mgonjwa homa. Mimi nilimwiga. Nilikuwa nikifunga kitambaa kwenye mguu wa mwanasesere wangu na kujilaza naye, nikijiona tayari ni mwanamke wa ziwani.

Jambo moja tu lilinichanganya. Mama ambaye nyumbani na kanisani alikuwa wa kutabasamu tu, akifika kwenye mashine ya kusaga mahindi, moulin kama tunavyoiita, alibadilika. Pale ambapo mota inaunguruma na ukuta unatetemeka, pale ambapo mimi nilijiziba masikio, yeye aliongea na kila mtu. Alicheka, aliuliza habari, alijibu kabla mtu hajamaliza sentensi. Nikaamua kwamba ni unga. Nilidhani harufu ya unga wa moto humfurahisha mtu, nami nikawa nauchota kidogo na kuunusa, nikingoja furaha ije.

Bibi yetu wa ziwani alipofariki, tulikwenda kilioni sote, na Tantine Mado akaja kwa niaba ya ukoo wa Baba. Huyu ni dada mkubwa wa Baba, mfanyabiashara wa Kolwezi, mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi mbaya, na neno lake nyumbani kwetu lilikuwa sheria. Nakiri nilikuwa na furaha isiyofaa kilioni. Nilikuwa sijawahi kufika kwa kina Mama. Hatimaye ningekuwa miongoni mwa watu wa desturi yangu, na njia nzima, juu ya gari la mizigo, nilijizoeza kuinua kidevu.

Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka kando ya nyumba, karibu na vichanja vya samaki. Baba alikuwa na wanaume hatua chache kutoka hapo. Nikapelekwa kumsalimia Mama Mukubwa Elena, dada yake Mama. Nikaenda mbele yake. Nikamgusa mkono juu ya kiwiko. Nikasogea mpaka jua likanipiga usoni, nikafungua mdomo vizuri kabisa. "Jambo, Mama Mukubwa. Pole na kilio."

Akanitazama. "Weye mutoto, juu ya nini unasema na minye vile? Minye naonekana kiziwi?"

Wanawake wakacheka. Nikacheka nao kwa adabu. "Ni desturi yenu ya huku," nikasema. "Mama alitufunza."

"Desturi gani?"

Nikaieleza yote, nikijivuna, maana hakuna aliyeijua kuliko mimi. Kutomwita mtu kutoka nyuma. Kugusa mkono. Mwanga. Mdomo wazi. Nikaongeza na kitambaa cha mguuni kwa mtoto. Kadiri nilivyoeleza ndivyo kicheko kilivyopungua, na nilipomaliza Mama Mukubwa alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Apana, mwana," alisema. "Huku hatuna desturi ya vile. Vile tulikuwa tunafanya kwa Odette peke yake. Ule masikio yake ilikufa."

Habari za Odette nilizijua hata mimi, kwa sababu Mama alizisimulia kila mara kwa sauti yake ya chini. Alikuwa dada yao wa kwanza. Masikio yake yalipoziba angali kijana, wakwe walikuja na kuchukua watoto wake wote, wakasema mama asiyesikia ataacha mtoto aungue jikoni. Waliwapeleka mbali. Odette akabaki anakausha samaki peke yake, akafa hajawaona tena.

Watu wote pale mkekani waligeuka kumtazama Mama. Alikuwa jikoni, nje, na wanawake wengine, ametupa mgongo, mdogo wangu Trésor akiwa amefungwa mgongoni kwake. Alikuwa akisonga bukari, na mwiko ulizunguka sawasawa.

Tantine Mado akasimama. "Mama Nadège!" aliita, kwa jina langu, kama heshima inavyotaka. Mwiko ukazunguka. Akaita tena. Kisha Tantine Mado akavuta pumzi akapiga ukelele: "Mama Nadège, nyumba inawaka moto!"

Wanawake wa jikoni waliruka. Mmoja aliangusha sahani. Mama aliwaona wenzake wakiruka, naye akageuka, amechelewa kidogo tu, na usoni alikuwa na tabasamu. Lilikuwa tabasamu la kanisani, lile la kila Jumapili, lile alilonipa mimi kila niliposema kitu nikiwa nimesahau kumtazama. Niliona aibu, niliona huruma, na zaidi ya vyote niliogopa. Niliona kwamba kwa miaka yangu yote nilikuwa nimezungumza, na sehemu kubwa ya maneno yangu haikufika popote.

Baba alikuja. Alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Hata mimi sikumsikia vizuri. Lakini Mama alitazama mdomo wake, akatutazama sote mmoja mmoja, akaelewa, akaanza kumfungua Trésor mgongoni na kumkumbatia kifuani kwa nguvu.

"Batoto tutabeba," alisema Tantine Mado. "Tukirudia tu Likasi, naenda nabo Kolwezi. Siachie damu ya ndugu yangu ku mikono ya muntu haisikie."

Mama aliufuata ule mdomo. "Yaya," alimwita, yaani dada mkubwa, "nakuomba."

"Ao unatucheka!" Tantine alikuwa amekumbuka jambo, na hasira ikampanda upya. "Ku moulin unasikiaka bien! Minye mwenyewe nilikuona, unaongea na bantu, unacheka! Kiziwi gani anasikia ku makelele, anakosa ku kimya?"

"Ku makelele njo nasikiaka," alisema Mama. "Ku kimya sisikie kintu. Sijue juu ya nini. Ni vile tu."

Watu wakaguna. Nani aliwahi kusikia jambo kama hilo? Mwanamke mmoja nyuma yangu alitamka neno bulozi, uchawi, na hakuna aliyemkemea. Mama akazidi kujieleza, na kila alivyojieleza alizidi kuzama. Alisema ilianza akiwa msichana, na kwamba kila alipozaa ilizidi. "Kila mutoto alibeba kipande," alisema. Alisema aliona yaliyompata Odette, akaogopa, akatufunza tangu wadogo, na sisi tukadhani ni desturi. Baba alikuwa amesimama tu. Na mimi, niliyelifumua jambo zima kwa salamu yangu, sikuwa na machozi. Mtu akipigwa na butwaa kwelikweli halii.

Tuliporudi Likasi, Tantine Mado alianua nguo zetu kwenye kamba, akazikunja, akazitia kwenye begi lake kubwa la bidhaa. Mama hakumzuia. Alikaa na Trésor kwenye kiti karibu na mlango, akimfuata Baba kwa macho, akingoja mdomo wake ufunguke. Haukufunguka. Mtu mwenye sauti kuliko wote Likasi alikuwa amenyamaza, nami kwa akili yangu ya kitoto nilidhani ameona hakuna faida ya kuongea, kwa kuwa maneno hayafiki.

Asubuhi yake Baba alisimama mlangoni, akamwonyesha Mama kwa kidole, akanionyesha mimi. "Twende."

"Wapi?" aliuliza dada yake. "Minye nasema gari inaondoka leo. Weye uko muloko wangu, minye njo mukubwa. Sikio haipitake kichwa."

Baba hakumjibu. Tukapanda taksi-bus hadi Kakontwe.

Sikuwa nimewahi kuiona konkaseri. Majani ya kule yote yalikuwa meupe kwa vumbi, na ardhi ilitetemeka kabla hatujafika getini. Mlinzi alimfahamu Baba, akatuacha tusimame kando, nje ya njia ya malori. Kelele zile sijui niseme nini. Ziliingia tumboni. Nilijiziba masikio na bado niliona meno yanagongana. Wafanyakazi walipita wakisemeshana kana kwamba hakuna kitu, wakipaza sauti kwa namna waliyoizoea, namna ile ile Baba aliyoileta nyumbani kila siku.

Baba akamsimamisha Mama akitazama machimbo. Kisha akafanya jambo ambalo sisi watoto tusingethubutu. Akaenda nyuma yake.

Nilitaka kumzuia. Alisimama nyuma yake, karibu na bega, mahali ambapo Mama hangeweza kuuona uso wake hata kidogo, akafungua mdomo akasema. Mimi, niliyekuwa karibu nao na masikio yangu mazima, sikusikia hata silabi. Mama akainua mkono wa kulia. Baba akasema tena. Mama akanionyesha mimi kwa kidole. Akasema tena, na Mama akafungua kilemba, akakifunga upya. Kila alichoambiwa alikifanya, palepale, bila kugeuka. Wafanyakazi wawili walisimama kutazama, wakidhani ni mchezo. Baba uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Akasogea zaidi, akasema neno refu, sentensi nyingi, na safari hii Mama hakufanya chochote. Alisimama tu, mabega yakitikisika, Trésor akiwa amefungwa kifuani.

Nikiwa mkubwa nilimwuliza Mama aliambiwa nini. Akanipiga kofi dogo la mgongo. "Ni mambo ya bibi na bwana. Haikuangalie." Lakini alinipa kitu kingine badala yake. Alisema wanaume wengine walimposa kabla ya Baba, wazuri tu, wenye sauti nzuri za upole, na hakuelewa hata mmoja alichokuwa akisema. "Baba yako njo alikuwa wa kwanza nilisikia bila kumuangalia. Nikasema, na uyu naweza kuzeeka."

Haya yote nilimmwagia yule kijana wa maternite, mtoto akiwa mapajani. Nilitegemea atashangaa. Hakushangaa hata kidogo, na hapo nikashtuka upya. Alisema ndani ya sikio kuna kifupa, kidogo kuliko punje ya mchele, kinachotakiwa kutikisika. Kwa watu wengine mfupa huota pembeni yake, kikagandamana. Sauti ya mtu mwenyewe humfikia kwa njia ya mifupa ya kichwa, akaiona kubwa, ndiyo maana husema chini. Na penye kelele sisi tunapaza sauti, huku kelele zenyewe kwake zikiwa hafifu. Basi anasikia maneno kuliko sisi. Madaktari wanalijua hilo tangu zamani. Siku hizi kifupa hicho hubadilishwa kwa upasuaji, na watafiti wanaendelea kutafuta ndani ya damu za koo ni kitu gani kinachopokezanwa. "Vitabu vya zamani vilisemaka kwetu bantu beusi ni rare sana," alisema. "Mais nani alikuwa anatupima?"

Nikamwuliza kuhusu vipande, kwamba kila mtoto alibeba kimoja. Akasema zamani wanawake waliambiwa hivyo hata na madaktari, kwamba mimba huzidisha. Sasa watafiti wamelichunguza tena, na wengi wao hawalioni jambo hilo. Inawezekana kabisa hatukubeba kitu. Sikio la mwanangu lilikuwa limejibu, la kulia na la kushoto, ingawa alinionya kwamba ugonjwa wa Mama hauji utotoni, kwa hiyo tuendelee kumpima. Nilimpigia Mama palepale. Sasa ana kifaa nyuma ya sikio, na kazi yake ni kulalamika kwamba Likasi ni mji wa makelele. Nilipomwambia habari za vipande, aliniuliza kama mtoto amenyonya. Nilikasirika sana siku ile, sijui nilimkasirikia nani. Mwanamke amehukumiwa mbele ya ukoo kwa jambo ambalo lilikuwa limeandikwa vitabuni, na Baba hakuwa na kitabu, alikuwa na konkaseri tu.

Siku ile ya konkaseri, tuliporudi kutoka Kakontwe, weupe kwa vumbi hadi kope, Tantine Mado alikuwa ameketi ndani ya lupango, ua wa nyumba yetu, amelikalia begi. Baba alimwambia asimame. Ajabu, alisimama. Baba akalichukua begi, akaliingiza chumbani, tukasikia nguo zetu zikitupwa kitandani.

"Anasikia," alisema alipotoka, na sauti yake ilikuwa imerudi, majirani wote wakageuka. "Nimemupima. Batoto habaendi popote."

Tantine Mado akaanza. Alisema haraka haraka, uso akiwa ameuelekeza barabarani, kuhusu wanawake wa ziwani, kuhusu Odette, kuhusu mtoto atakayeungua, maneno ambayo mtu humtupia mwenzake akijua hayatafika. Nilimtazama Mama, nikingoja lile tabasamu. Halikuja. Alimkabidhi Baba mtoto, akaenda hadi mbele ya wifi yake, akasimama. Na nikamsikia akisema jambo ambalo watu wote huwa wanalisema bila kufikiri, na ambalo yeye, kwa kuogopa kutupoteza, hakuwahi kulitamka mbele ya mtu yeyote.

"Sikusikie, yaya. Rudilia."

Tantine Mado aligeuka. Walikuwa uso kwa uso sasa, mchana wa jua kali, na Mama alikuwa akiutazama mdomo wake, akingoja. Tantine akaufungua. Akaufunga. Akajifuta jasho.

"Nauliza kama kuko chai," alisema, polepole, mdomo wazi.